Maelezo Matatu ya Tukio Moja

Kompyuta ilinijibu kwamba ruhusa imekataliwa, ilhali nilikuwa nimeingia kama mtumiaji mkuu, yule ambaye akitaka kufuta diski nzima haulizwi mara mbili. Nilichokuwa nikiomba kilikuwa kidogo: kushikiza programu fupi ya BPF, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kerneli, kiini cha Linux, kwenye nukta ya ufuatiliaji ya sys_enter_kill, inayoguswa kila programu inapoomba kutuma ishara kwa mwito wa kill, ili nione ni mchakato gani unaoupelekea mchakato mwingine ishara ya kufa. Huduma moja katika mashine yetu ya majaribio ilikuwa ikizimika usiku bila kuacha neno lolote kwenye logi, nami nilitaka kumjua mzimaji.

Programu hiyohiyo ilikuwa imekubaliwa bila shida kwenye mashine ya pembeni yenye usambazaji uleule wa Linux. Tofauti kati ya mashine hizo ilikuwa moja: iliyokataa ilikuwa na kerneli ya wakati halisi, ile iliyotiwa viraka vya PREEMPT_RT ili isichelewe kuitikia.

Mzimaji tulimpata kwa njia nyingine, na kisa chake hakina utamu wa kusimuliwa. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni kule kukataliwa.

## Kosa namba 13

Katika Linux kuna kukataliwa kwa namna mbili, na mtu aliyekaa na mfumo huu kwa muda hujifunza kuzitofautisha. EPERM, yaani kosa namba 1, kwa kawaida husema kwamba wewe huna cheo cha kufanya jambo hilo. EACCES, kosa namba 13, husema kwamba kitu hicho mahususi hakikufungukii. Mimi nilipewa 13. Nikaangalia kwanza yale ambayo kila mtu angeyaangalia: SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux), hali ya kuifunga kerneli, na kile kiwango cha kubana ufuatiliaji, perf_event_paranoid, ambacho kimewapotezea watu wengi jioni zao. Yote yalikuwa safi, na SELinux ilipolegezwa kwa muda jibu halikubadilika hata herufi.

Programu nyingine iliyoshikizwa kwenye sched_switch, nukta nyingine ya ufuatiliaji, ilikubaliwa papo hapo, kwa hiyo suala halikuwa BPF kwa ujumla. Ndipo nilipoiandika programu yangu upya ikiwa tupu kabisa, isiyosoma chochote kutoka kwenye tukio, nikaishikiza palepale kwenye sys_enter_kill.

Ilikubaliwa.

Kwa hiyo kerneli haikuwa na ugomvi na mimi, wala na nukta ile. Ilikuwa na ugomvi na kile nilichotaka kukisoma. Nikaongeza usomaji kidogo kidogo. Mwito wa kill hupokea hoja mbili: namba ya mchakato unaolengwa, kisha namba ya ishara. Niliposoma hoja ya kwanza peke yake, programu ilikubaliwa. Niliposoma zote mbili, ilikataliwa. Hapo wengi wangeridhika na hoja moja na kuendelea na safari, kwa kuwa namba ya mchakato ndiyo yenye maana zaidi, na ishara inaweza kukisiwa.

Nikaiacha programu ya hoja moja ifanye kazi, kisha kwenye dirisha jingine nikatuma ishara ya kawaida ya kuzima kwa mchakato wa majaribio niliokuwa nimeuanzisha mwenyewe. Programu ikaandika kwamba mchakato uliolengwa ni namba 15.

Mchakato wangu haukuwa namba 15. Namba 15 katika mashine ile ni uzi wa kerneli yenyewe, usio na uhusiano wowote na jambo hili. Ila 15 ndiyo namba ya SIGTERM, ile ishara ya kuzima niliyoituma. Nikatuma ishara namba 10, programu ikaandika 10.

Nilikuwa nimeomba hoja ya kwanza na kupewa ya pili, kwa utulivu kamili, bila onyo lolote.

## Strakti tatu

Kila tukio la ufuatiliaji katika Linux lina faili yake ya maelezo chini ya /sys/kernel/tracing/events, iitwayo format, inayotaja kila uga: aina yake, ofseti yake (yaani unaanzia baiti ya ngapi), ukubwa wake, na kama namba yake inaweza kuwa hasi. Matukio yote huanza na kichwa kimoja. Katika kerneli ya kawaida kichwa hicho ni baiti 8: baiti 2 za aina ya tukio, 1 ya alama, 1 ya hesabu ya vizuizi vya kupokonywa kichakataji, na 4 za namba ya mchakato. Viraka vya wakati halisi vya kipindi kile viliongeza hesabu moja zaidi, common_preempt_lazy_count, yenye ukubwa wa baiti 1 tu. Lakini kompaila haikubali kukiacha kichwa kikiwa na baiti 9 wakati ndani yake mna namba ya baiti 4 inayotaka kukaa mahali panapogawanyika kwa 4. Hujazia baiti 3 tupu, na kichwa kinakuwa baiti 12.

Mpaka hapa hakuna kosa. Faili za format zilibadilika ipasavyo, na yeyote anayezisoma angeona uga mpya na kuhesabu upya.

Tatizo ni kwamba tukio la sys_enter_kill halina maelezo hayo peke yake. Lina matatu, yaliyoandikwa na watu tofauti katika nyakati tofauti, kila moja likiwa na sababu yake nzuri.

La kwanza ni strakti, yaani mpangilio wa nyuga katika kumbukumbu, ya syscall_trace_enter, inayolingana na faili ya format: kichwa, kisha namba ya mwito ya baiti 4, kisha hoja za baiti 8 kila moja. La pili ni trace_event_raw_sys_enter, ambayo kwa haki ni ya tukio jingine, lile la jumla lililo chini ya saraka ya raw_syscalls, lakini ndiyo ambayo waandishi wengi wa BPF, nikiwamo mimi, waliizoea kwa ajili ya matukio yote ya miito ya mfumo. Humo namba ya mwito ina baiti 8, si 4. La tatu ni syscall_tp_t, strakti iliyofichwa ndani ya faili ya kernel/trace/trace_syscalls.c, isiyoonekana kwa yeyote aliye nje, na ambayo ndiyo hasa kerneli hukabidhi kwa programu ya BPF. Hiyo, katika kerneli niliyokuwa nayo, haikuwa na habari kabisa na kichwa cha tukio: ilianza na kielekezi cha baiti 8, ikafuata namba ya mwito ya baiti 8, kisha hoja.

Sasa fanya hesabu kwa kichwa cha baiti 8. Katika strakti ya kwanza namba ya mwito inaanza baiti ya 8 na kuishia ya 12, lakini hoja za baiti 8 haziwezi kuanzia 12, kwa hiyo kompaila huacha pengo la baiti 4 na hoja zinaanza 16. Katika ya pili, namba ya mwito inaanza 8 na kuishia 16. Hoja zinaanza 16. Katika ya tatu, vilevile, 16. Maelezo matatu yasiyofanana, yakikubaliana kwa sababu ya pengo ambalo hakuna aliyelipanga.

Kisha fanya hesabu kwa kichwa cha baiti 12. Katika ya kwanza namba ya mwito inajipenyeza pale penye 12, na hoja zinaanza 16 kama zamani. Katika ya pili, namba ya mwito ya baiti 8 haiwezi kuanzia 12, inasogea hadi 16, na hoja zinaanza 24. Katika ya tatu hakuna kilichosogea, maana haikuwa ikiuangalia uga mpya. Hoja ziko 16.

Programu yangu ilisoma 24. Kwa mwito wa kill, baiti ya 24 ndipo ilipo hoja ya pili. Ni kama kulisoma daftari la madeni la duka lililoongezewa safu: majina ya wadaiwa bado ni yale, ila kiasi unachokisoma ni cha safu ya jirani.

Na kile kukataliwa? Kerneli, inaposhikiza programu, hulinganisha baiti ya mbali kabisa ambayo programu inasoma na mahali unapoishia uga wa mwisho katika maelezo ya tukio. Uga wa mwisho wa sys_enter_kill unaishia 32. Hoja ya kwanza, kwa hesabu ya strakti ya pili, inaishia 32 kamili, ikapita. Hoja ya pili inaishia 40. Hiyo imevuka, na jibu la kuvuka ni EACCES.

Ukaguzi huo uliwekwa ili programu isisome kumbukumbu isiyo yake, na haukuwa na nia ya kugundua kwamba maelezo hayapatani. Uliligundua jambo hilo kwa bahati, na kwa nusu tu.

## Kifaa kilichofanya kazi yake vizuri

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hamu ya kumpata wa kumlaumu, na mshukiwa wangu alikuwa mfumo wa kurekebisha ofseti wakati wa kupakia programu, ule uitwao CO-RE. Ahadi yake ni kwamba unaandika programu mara moja, nayo inapopakiwa kwenye kerneli nyingine, ofseti zote hurekebishwa kwa kusoma BTF, yaani maelezo ya aina za data ambayo kerneli inayabeba ndani yake. Nilifikiri labda marekebisho hayakufanyika.

Yalifanyika, tena kwa usahihi. Programu yangu ilikompailiwa kwenye mashine ya kawaida ikiwa na 16, ikafika kwenye mashine ya wakati halisi, maktaba ikauliza BTF hoja za trace_event_raw_sys_enter zinaanzia wapi, ikajibiwa 24, ikaandika 24. BTF ilisema kweli tupu kuhusu strakti hiyo. Kwamba strakti hiyo siyo inayokabidhiwa kwenye nukta ile ni jambo ambalo BTF haikuulizwa, na isingeweza kujibu. Kama ningekuwa mzembe na kuandika 16 kwa mkono, programu ingekubaliwa na ingesoma sawasawa.

Sijui kama kuna jambo lililonisumbua zaidi ya hilo. Tumefundishwa, na tumewafundisha vijana wetu, kwamba kuandika ofseti kwa mkono ni dhambi na kwamba anayefuata maelezo rasmi atakuwa salama. Hapa aliyefuata maelezo rasmi alipotea na mzembe akafika. Lakini mzembe huyo naye angefika kwa hoja tu. Kama angetaka namba ya mwito na kuisoma pale faili ya format inaposema, baiti ya 12, angepata nusu ya juu ya namba ya baiti 8, yaani sifuri, na sifuri katika x86-64, vichakataji vya kawaida vya kompyuta, ni mwito halali kabisa: read. Mwito wa kill ni 62. Angeandika kwenye ripoti yake kwamba michakato inasoma faili.

## Nani anyamaze, nani ahame

Marekebisho yaliingia katika kerneli kuu mwaka 2023, kwa viraka viwili, na mfuatano wake unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu kila kiraka kilichagua upande tofauti.

Kiraka cha kwanza kilikiondoa kile kielekezi cha baiti 8 mwanzoni mwa syscall_tp_t na kuweka kichwa halisi cha tukio mahali pake, ili kichwa kikirefuka, strakti nayo irefuke. Matokeo yake ni kwamba kile kinachokabidhiwa kikawa sawa na trace_event_raw_sys_enter: hoja zikaanza 24. Waandishi kama mimi tukawa tunasoma data sahihi. Lakini ukaguzi wa kushikiza uliendelea kutumia maelezo ya format, yenye mwisho wa 32, kwa hiyo hoja ya pili iliendelea kukataliwa. Uongo ulikwisha, ukabaki mlango uliofungwa.

Kiraka cha pili kiliibadilisha aina ya namba ya mwito ndani ya syscall_tp_t kutoka baiti 8 hadi 4. Hapo hoja zikarudi 16, na kinachokabidhiwa kikapatana na faili ya format. Majaribio ya kerneli yenyewe yaliyokuwa yakitumia strakti ya pili yakabadilishwa yatumie ile ya kwanza.

Kwa maneno mengine, faili ya format ilitangazwa kuwa ndiyo kweli, na sisi tuliozoea trace_event_raw_sys_enter tukaachiwa jukumu la kuhama. Nilipousoma uamuzi huo mara ya kwanza niliuona kuwa wa ukali. Programu nyingi zilizoko nje zinatumia strakti ile, na kwenye kerneli ya kawaida zitaendelea kufanya kazi kwa baraka za lile pengo, kwa hiyo hakuna atakayehama mpaka siku kichwa kirefuke tena.

Ila nikajiuliza njia mbadala ingekuwa ipi. Ingekuwa kubadilisha rekodi yenyewe inayoandikwa kwenye bafa ya mviringo (kumbukumbu ya muda ya matukio), ambayo zana za ufuatiliaji za perf na trace-cmd zinaisoma, ili namba ya mwito iwe na baiti 8 kila mahali. Hiyo ingegusa wasomaji ambao hawajawahi kukosea, ili kuwafaa wasomaji walioazima strakti ya tukio jingine. Mwishowe nimekubaliana na waliochagua, ingawa bado naona kwamba wenye mashine zinazoweka baiti kubwa mbele (zinazoanza kuandika namba kwa baiti yake yenye thamani kubwa), kama s390x za IBM, wana haki ya kunung'unika: programu ya zamani inayosoma namba ya mwito kwa baiti 8, pale ambapo sasa pana baiti 4 na pengo, haitapata namba ileile.

## Baiti nne za mwaka 2011

Si mara ya kwanza kichwa cha tukio kuzua fitina. Zamani kichwa hicho kilikuwa na uga wa lock_depth, wa baiti 4, uliohusu ile kufuli kubwa ya kerneli. Kufuli hiyo ilipoondolewa katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011, uga huo haukuwa na kazi tena, ukaondolewa, na kichwa kikapungua kutoka baiti 12 hadi 8. Faili za format zilisema hivyo waziwazi.

PowerTOP, programu inayopima matumizi ya umeme ya kompyuta, haikuwa ikizisoma. Ilikuwa na strakti yake iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo, na ilipopewa kichwa kifupi ikaanza kusoma takataka. Wahandisi wa ufuatiliaji walikuwa na hoja nzuri: maelezo yapo, yasomwe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alishika msimamo wake wa siku zote, kwamba programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi jana haivunjwi leo, hata kama ilikuwa ikifanya kazi kwa njia isiyopendeza. Kichwa kikarudishiwa baiti 4 tupu zisizo na maana yoyote, na kila tukio katika kila mashine likawa linazibeba, mpaka PowerTOP ilipohamia toleo la 2 na kujifunza kusoma maelezo.

Ninapokiweka kisa hicho kando ya changu, naona kwamba wasomaji walipewa hukumu mbili zisizofanana. Mwaka 2011 msomaji aliyepuuza maelezo alilindwa. Mwaka 2023 msomaji aliyetumia maelezo ya jirani aliambiwa ahame. Tofauti iliyonifanya nikubali hukumu zote mbili ni hii: PowerTOP ilikuwa imevunjika kila mahali, kwa kila mtu, siku moja, ilhali programu za BPF zilikuwa zimevunjika tu kwenye kerneli zenye kiraka cha nje, ambacho wakati huo hakikuwa sehemu ya kerneli kuu. PREEMPT_RT yenyewe ilikuja kukubaliwa katika toleo la 6.12, mwishoni mwa 2024, na utaratibu wa kupokonya kwa ulegevu ulipofuata katika 6.13 ulikuja kwa sura nyingine, bila kuongeza hesabu ya pili kwenye kichwa.

Na kuna kisa cha katikati, cha mwaka 2022, wakati wa matayarisho ya 5.18. Nukta ya sched_switch iliongezewa hoja mpya ya hali ya mchakato unaoondoka, ikawekwa nafasi ya pili, na hoja zilizokuwapo zikasukumwa mbele. Programu za BPF zinazosoma hoja kwa nafasi zikajikuta zinashika namba ya hali zikidhani ni kielekezi cha mchakato. Hapo marekebisho yalikuwa mepesi: hoja mpya ikahamishiwa mwisho, na waliotangulia wakabaki walipo. Natamani kila kisa kingekuwa chepesi hivyo.

## Rekodi inayobeba maelezo yake

Kuna mahali ambapo jambo hili lilifikiriwa vizuri tangu mwanzo, nako ni kwenye faili ya trace.dat inayoandikwa na trace-cmd, kazi ya Steven Rostedt, mwanzilishi wa ftrace, mfumo wa ufuatiliaji wa kerneli. Faili hiyo huanza na baiti 0x17, 0x08 na 0x44, likafuata neno tracing, kisha namba ya toleo, kisha baiti moja inayosema kama mashine iliyorekodi huweka baiti kubwa mbele au ndogo mbele, baiti moja ya ukubwa wa aina ya long, na baiti 4 za ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Baada ya hapo faili za format hunakiliwa humohumo, kabla ya data. Ndiyo maana unaweza kurekodi kwenye ruta ya biti 32 yenye baiti kubwa mbele na kusoma kwenye kompyuta ya mapajani ya biti 64 bila kuulizana maswali.

Hata huko hakukosi mitego. Fungua format ya sys_enter_kill na utaona uga wa ishara ukitajwa kuwa wa aina ya int, na papo hapo ukubwa wake ukitajwa kuwa 8. Anayeamini aina husoma baiti 4; anayeamini ukubwa husoma 8. Kwenye x86 wote wawili hupata 15. Kwenye s390x wa kwanza hupata sifuri. Mimi huamini ukubwa, na ningependa maktaba zote ziamini ukubwa.

Mtego mwingine ni wa maandishi yenye urefu usiojulikana. Kwa miaka mingi yalitajwa kwa __data_loc, namba ya biti 32 ambayo biti 16 za chini ni umbali kutoka mwanzo wa rekodi na 16 za juu ni urefu. Toleo la 5.17 likaleta __rel_loc, yenye sura ileile, ila umbali unahesabiwa kutoka pale uga wenyewe unapoishia. Msomaji wa zamani anayaona maelezo yote, yako mbele yake, lakini hana namna ya kuyatumia.

Programu ya BPF haina hata anasa hiyo. Haipewi maelezo pamoja na data. Inapewa kielekezi na kuachwa iamini.

## Nilichokibadilisha

Katika programu yangu niliacha strakti ya pili na kutumia syscall_trace_enter. Kwenye kerneli ile ya zamani, isiyo na hata kimoja cha viraka viwili vya 2023, hoja zinasomwa sawasawa kwa sababu 16 ni 16. Namba ya mwito siigusi, kwani nukta yenyewe inaniambia ni kill.

Lakini baada ya ile 15 sikuweza tena kuridhika na ofseti inayopatana na maelezo. Nikaongeza jaribio la mwanzo: kabla ya kuanza kurekodi, programu huzaa mchakato mdogo, huutumia ishara namba 10 ambayo mchakato huo umeagizwa kuipuuza, kisha hungoja tukio lake. Namba ya mchakato na namba ya ishara zisipokuwa zilezile zilizotumwa, programu hugoma kuanza na kuandika ofseti ilizotumia. Wenzangu wawili waliona ni kupita kiasi. Gharama yake ni sehemu ya sekunde, nami sioni sababu ya kubishana juu ya sehemu ya sekunde.

## Logi za mwaka uliopita

Jambo lililobaki lililetwa na kijana mmoja wa kikosi kingine, aliyesikia nikilieleza suala hili wakati wa chai. Wao walikuwa na programu ya aina hiyohiyo kwenye mashine zao za wakati halisi. Ilipokataliwa, mtu fulani aliipunguza hadi ikakubaliwa, yaani aliondoa hoja ya pili, na ikaachwa ikirekodi kwa miezi.

"Kaka, hizi logi tuzitupe?" aliniuliza.

Hakuna aliyekuwa amezishuku, na sababu yake ilionekana mara tulipozifungua. Safu ya mtumaji ilikuwa sahihi yote, kwa kuwa namba ya mchakato unaotuma haitoki kwenye tukio. Programu huiuliza kerneli moja kwa moja. Majina yalikuwa sahihi, saa zilikuwa sahihi. Ni safu ya mlengwa peke yake iliyokuwa na 15, 9, 15, 1, 15, na hakuna namba iliyozidi 64.

Tukaiangalia safu ya pembeni. Mwandishi wa programu, kwa desturi tu, alikuwa amerekodi pia namba ya mwito, ambayo kwenye nukta hii inapaswa kuwa 62 kila mstari na kwa hiyo hakuna mtu aliyejisumbua kuitazama. Haikuwa 62 hata mara moja. Ilikuwa 4187, 4190, 23051. Strakti ya pili, kwenye kichwa cha baiti 12, inaiweka namba ya mwito kwenye baiti ya 16, na kwenye baiti ya 16 ya kile kilichokabidhiwa ndipo ilipokuwa hoja ya kwanza.

Walengwa wote walikuwamo, wamekaa chini ya kichwa cha safu kisicho chao. Kijana akaandika hati fupi ya kubadilisha majina ya safu mbili, akaongeza toleo la kerneli kwenye mstari wa kwanza wa kila faili, na mistari yenye namba hasi akaiweka pembeni, kwa sababu kill ikipewa namba hasi hulenga kundi zima, na hiyo inahitaji kuhesabiwa kivyake. Kuna mashine chache ambazo safu ya namba ya mwito ilizimwa ili kuokoa nafasi ya diski. Kwa hizo tunajua nani alituma na ishara gani, aliyelengwa hajulikani.